Gunia la Katikati

Kuku aliyekuwa akiatamia juu ya pikipiki ya marehemu Mbwana alimdonoa Dzombo hadi damu kabla hajakubali kuhama, na kazi ya kuifufua ikaanza hivyo, kwa uadui.

"Mwambie mumeo amshike mabawa, si mkia," ilisema sauti kutoka nyuma ya pazia la jikoni.

"Mama anasema umshike mabawa," alisema Hasina.

"Nimesikia," alijibu Dzombo, huku akinyonya kidole.

Kusikia alikuwa amesikia. Pazia lenyewe lilikuwa kanga kuukuu, na mama mkwe wake alikuwa pale pale nyuma yake akipepeta mchele. Lakini kusikia ni jambo moja, kusemeshwa ni jambo jingine. Kwao Dzombo, huko Kinango kwa Waduruma, kwenye nyika ya mbuzi na ng'ombe, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sinia moja, na wakikutana njiani mmoja hujitia kichakani. Hapa Kibuyuni watu hawakazi mambo namna hiyo. Mama mkwe huyo, Mwanarusi, hata hivyo, alikuwa ameapa kwamba hakuna Mduruma atakayekwenda kwao kusema kuwa watu wa pwani hawana adabu, kwa hiyo aliikaza heshima ile kuliko wenyewe wenye nayo. Tangu Dzombo amwoe binti yake, hawajapata kuambiana hata "mvua imenyesha". Kila neno lilipita kwa Hasina.

Na Hasina, Mwenyezi Mungu amjalie, alikuwa mjumbe mwenye moyo mwema. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro.

Dzombo hakuja ukweni kwa kupenda. Ukame uliwala mbuzi wake mmoja baada ya mwingine, na msaada waliotangaziwa redioni ukaishia redioni. Akafunga virago, akamfuata mke wake pwani, akajifunza kufunga mwani kwenye kamba na kuusimamisha kwa vigingi maji yanapokupwa. Vijana wa pikipiki za abiria stejini walimpa jina siku ile ile alipofika: Bwana Harusi wa Kike. Akipita, mmoja humwuliza mwenzake, "Hivi mahari yake walitoa ng'ombe wangapi?" Dzombo hucheka nao. Akifika nyumbani hupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Pikipiki ilikuwa na historia yake, na Kibuyuni hakuna historia inayosahauliwa. Mbwana, mume wa Mwanarusi, alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Siku shamba lilipofungwa, wenye shamba walipanda ndege, na wafanyakazi wakaambiwa kila mtu ajichukulie chochote kilichobaki uani badala ya haki zake. Mmoja alichukua mapipa. Mmoja, maskini, alifika mwisho akakuta mlango, akaubeba mlango mpaka nyumbani. Mbwana alichukua pikipiki ya Kijapani ambayo kwa mlio wake watu waliiita Tarumbeta. Mpaka leo mtu akidhulumiwa pale kijijini husema, "Nimepewa mlango."

Na msimu huu, kina mama wa mwani walikuwa wakipewa mlango kila wiki.

* * *

Aliyekuwa akiugawa mlango huo ni Mwinga. Alikuwa na pikapu, alikuwa na mizani, na pikipiki zote za stejini zilikuwa zake. Mizani yake ilikuwa na tabia ya kuona gunia jepesi kuliko mgongo uliolibeba. Ukilalamika, anakwambia urudishe mwani wako baharini. Wageni wa fulana nyeupe walikuja wakapiga picha na kina mama wakiwa majini, wakala pilau, wakaahidi barabara na ghala, wakaondoka. Picha zilitokea mahali fulani. Barabara haijatokea.

Ndipo habari ikaja kutoka Msambweni: mnunuzi mpya amefungua ghala barabarani. Mwanarusi, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa mwani, aliazima simu ya jirani, akapiga, akajibiwa kwa adabu. Alete yeye mwenyewe magunia mawili ya kuonyesha, Alhamisi kabla ya adhuhuri. Mwani ukiwa mkavu na safi, lori la mnunuzi litaingia Kibuyuni msimu mzima. Asipofika, mnunuzi atakamilisha mapatano na mtu mmoja aliyekwisha kumhakikishia kwamba mwani wote wa pande zile uko mkononi mwake.

"Mtu gani?" aliuliza Mwanarusi, ingawa alijua.

Siku ile ile Mwinga aliwaambia vijana wake stejini kwamba mwani unachafua siti. Atakayebeba gunia, arudishe funguo. Kijijini ikabaki pikipiki moja tu isiyo yake, Tarumbeta.

Alikuja hata uani mwenyewe kutazama, pikapu ikiunguruma mlangoni. Dzombo alikuwa amechutama kando ya Tarumbeta, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi!" Mwinga alipaza sauti kuelekea pazia. "Nasikia mnafufua maiti."

"Marahaba," pazia lilijibu. "Maiti huyu hakumwibia mtu kwa mizani."

Mwinga alicheka kwa meno tu. Akaigusa pikipiki kwa ncha ya kiatu, kutu ikapukutika. "Mchunga mbuzi, hii inakamuliwa wapi? Niuzieni chuma chakavu, niwaondolee aibu uani."

Dzombo aliinamisha kichwa. Alikuwa na jibu, lakini jibu lilikuwa la Kiduruma na lilikuwa refu. Pikapu ilipoondoka alichukua kipande cha msasa akalisugua tangi mpaka vumbi jekundu likamjaa kwenye kope.

"Mwambie mumeo," pazia lilisema taratibu, "tangi lile halina kosa."

* * *

Dzombo hakuwa fundi wa pikipiki, lakini hakuwa mgeni wa injini. Kwao alikuwa mtunzaji wa pampu ya kisima cha kijiji, pampu ambayo serikali iliizindua kwa kukata utepe na kuisahau kabla utepe haujafika chini. Miaka mingi aliilazimisha kufanya kazi kwa waya, mpira wa ndala na dua. Kwa hiyo Tarumbeta haikumtisha sana.

Tangi alilijaza kokoto na maji ya ukwaju, akalitikisa kama mtu anayepiga kayamba, na kutu ikatoka ikiwa rangi ya chai. Likang'aa ndani. Pia likatoboka chini. Akaliziba kwa sabuni ya kipande na gundi. Waya wa klachi ulikuwa umekatika, akaweka waya wa breki ya baiskeli. Matairi yalikuwa na nyufa, akafunga ndani vipande vya mpira kama bandeji.

Kavumbi, jirani na mtani wa nyumba ile, alikuja kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Siku hii kitu ikinguruma," alisema, "nitakubeba mgongoni mpaka Lunga Lunga, nikuvushe mpaka, niwauzie Watanzania."

"Watakurudisha wewe, wanibakize mimi," alijibu Dzombo.

"Mduruma ana maneno! Mbona mbele ya mkweo huwa bubu?"

Tatizo lilikuwa pistoni. Ilikuwa imegandamana na silinda kwa chumvi ya miaka, haipandi wala haishuki. Dzombo alitaka dizeli kidogo, subira, na kipande cha mti cha kugongea polepole. Alikuwa akieleza hivyo pazia lilipoingilia.

"Hasina, mwambie mumeo chuma cha pwani hakitaki dizeli, kinataka sifa."

Kavumbi aliangua kicheko, akamwaga kahawa. Sifa ni mafuta ya ini la papa, yanayopakwa vyombo vya mbao ili maji yasipenye. Harufu yake humfukuza mgeni na kumkumbusha mwenyeji. Babake Mwanarusi alikuwa fundi wa mashua, na kwa Mwanarusi hakukuwa na ugonjwa wa chombo usioponywa na sifa.

Dzombo alimvuta mkewe kando. "Mwambie mama sifa ikikauka hugeuka gundi. Ndiyo maana inaziba mbao. Tukiimimina ndani ya injini, pistoni haitatoka mpaka kiyama."

Hasina alikwenda hadi kwenye pazia. Alimtazama mama yake, mjane aliyemlea kwa kuinama majini. Akamtazama mumewe, ambaye kijiji kizima kilimcheka. Neno "hapana" lilikuwa zito mdomoni kama jiwe. Binti wa Kidigo hampelekei mama yake jiwe.

"Anasema ni sawa, mama," alisema Hasina. "Anasema ahsante."

Dzombo alisikia kila neno. Kumkana mkewe mbele ya mama yake kungekuwa sawa na kumsemesha mkwe. Akaletewa mkebe. Akaumimina ndani ya silinda. Iliyobaki, kwa maagizo ya pazia, akaipaka fremu, rimu, ekzosi na hata taa.

* * *

Asubuhi yake Tarumbeta haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na paka.

Walikuwa kwenye siti, kwenye tangi, katikati ya usukani. Walikuwamo wa jirani, wa msikitini, na mmoja dume kubwa lenye sikio moja ambalo hakuna aliyelijua. Wote walilamba kwa utulivu wa watu walio karamuni. Kuku yule wa kwanza alisimama juu ya ukuta akilaani.

"Subhanallah," alisema Kavumbi. "Mmeifungulia hoteli."

Dzombo aliwafukuza kwa ufagio. Walirudi. Aliifunika kwa turubai. Wakaingia chini ya turubai. Siku nzima alifanya kazi na paka wawili mabegani, na alipokwenda dukani kununua sabuni, dume la sikio moja lilimfuata mpaka stejini.

"Bwana Harusi wa Kike amepata watoto!" walipiga kelele vijana.

Na pistoni ilikuwa imeganda kama iliyochomelewa. Sifa ilikuwa imekauka manjano, ngumu, yenye kung'aa, kazi nzuri kabisa ya kuziba mashua.

Jioni ile Dzombo hakula. Hasina alimfuata nyuma ya nyumba, penye vichanja vya kuanikia mwani.

"Ulimwambia nini mama?" alimwuliza.

"Nilimwambia..." Hasina alikunja pembe ya leso. "Nilimwambia umekubali."

"Kwa nini?"

"Ungetaka nimwambie mama yangu kwamba hajui? Nyumbani kwake? Wewe ungesikia vibaya akikujibu, yeye angesikia vibaya ukimkataa. Mimi niko katikati, Dzombo. Nyote wawili mnanitupia makaa, mnataka niyafikishe bila kuungua."

Dzombo alikuwa hajapata kuwaza upande wa aliye katikati. Alimwona amechoka, vidole vyake vimechanwa na kamba za mwani, bado anatafuta namna ya kumfurahisha kila mtu.

"Basi kuanzia leo," alisema, "ukichoka kubeba, tua."

"Nitatua wapi?"

Dzombo alichukua mkebe wa dizeli akarudi uani.

Silinda aliiloweka kwenye dizeli, akaipasha moto kwa makaa ya vifuu, akaigonga kwa mti wa mkoko, akaigeuza, akaigonga tena. Pazia lilimwona akitumia dizeli na halikusema kitu. Pistoni ilipochomoka ilitoka na mlio kama wa kizibo cha chupa, na Hasina akapiga kigelegele peke yake. Kavumbi, aliyekuwa ametukana kazi ile toka mwanzo, aliingiza mkono mfukoni akatoa plagi mpya iliyofungwa kwa gazeti.

"Chukua jino la bibi yako," alisema. "Na usiniambie ahsante. Mtani hashukuriwi, hutukanwa."

"Sura yako kama kabureta," alisema Dzombo.

"Haya! Sasa tumeelewana."

Jumatano alasiri walifunga kila kitu. Dzombo alipiga kiki mara ya kwanza, kimya. Akapiga tena, Tarumbeta ikakohoa. Akapiga kwa hasira zote alizokuwa nazo kwa ukame, kwa stejini na kwa kiatu cha Mwinga, na ikalia. Iliunguruma ikatoa moshi wa buluu unaonuka papa wa kukaanga. Paka wote wa Kibuyuni wakainua vichwa. Gea ikaingia yenyewe, pikipiki ikaruka, ikamvuta Dzombo uani kama ndama anayemvuta mchungaji, ikapita katikati ya sufuria, ikapiga kichanja cha mwani, na wote wawili wakalala chini wakiwa wamefunikwa na mwani mkavu.

Nyuma ya pazia, mtu alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hasina," pazia lilisema likifuta machozi, "mwambie mumeo... mwambie mwani haukuvunjika."

* * *

Alhamisi asubuhi jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka lilisimama uani na kukataa kuondoka.

Mnunuzi alisema mwenyekiti aje mwenyewe. Pikipiki ina siti moja ndefu. Dereva ni mkwe. Mwanarusi zamani, enzi za uhai wa mumewe, alikuwa akiiendesha Tarumbeta mwenyewe ufukoni maji yakipwa, jambo ambalo kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilinyamaza. Lakini sasa goti lake lilikuwa halikunjiki vizuri, na kiki ya Tarumbeta ilihitaji goti.

"Nitakaaje?" Mwanarusi alimwuliza Bi Mbodze, aliyekuwa mkongwe kuliko wote katika kikundi. Kina mama wote walikuwa wamekusanyika. "Nimkumbatie mume wa mwanangu? Nipite stejini hivyo? Ni afadhali Mwinga achukue mwani."

"Usiseme hivyo hata kwa mzaha," alisema Bi Mbodze.

Dzombo alikuwa ameugeukia ukuta, kama heshima ilivyotaka, akihisi masikio yakimwaka. Alikuwa ameifufua pikipiki, na haina pa kumpeleka mtu.

Magunia mawili yalikuwa yamekwisha kufungwa ubavuni, moja kila upande. Bi Mbodze aliyatazama, akaitazama siti, akalitazama gunia la tatu lililoegemea mlango. Akaliinua kwa mikono miwili, mwani mkavu ni mwepesi kuliko unavyoonekana, akalibwaga katikati ya siti.

"Nyumbani mna pazia la kanga," alisema. "Njiani mtakuwa na pazia la mwani. Pazia ni pazia. Panda, Mwanarusi, jua halikungoji."

Wakapanda. Dzombo mbele, gunia katikati limefungwa kwa kamba, Mwanarusi nyuma, amelikumbatia gunia kama mtoto. Walipopita stejini, vijana walifungua midomo kusema neno, lakini paka sita walipita mbio wakiifuata pikipiki, na vijana wakawacheka paka badala ya watu.

* * *

Barabara ya kutoka Kibuyuni ni barabara ya ahadi. Kila uchaguzi humwagiwa kifusi, na kila mvua hukirudisha baharini. Tarumbeta ilipita mawe ya matumbawe ikilalamika, ikapanda kilima cha kwanza, na kwenye kilima cha pili ikazima.

Dzombo alishuka. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena na tena, mpaka shati likamganda mgongoni. Na njiani hakukuwa na Hasina wa kupeleka neno.

Honi ililia. Pikapu ya Mwinga iliwapita, ikawamwagia vumbi, mkono ukitoka dirishani ukipunga kwa heri. Ilikuwa inaelekea Msambweni, na magunia yamejaa nyuma.

Vumbi lilipotulia, Mwanarusi alikohoa. Kisha akalipigapiga gunia kwa kiganja.

"Wewe gunia," alisema. "Mwambie dereva avute mafuta mengi, kisha apige kwa nguvu."

Dzombo aliganda na mguu juu ya kiki. Alilitazama gunia. Gunia halikuongeza neno wala halikupunguza. Alijua kwamba injini ilikuwa imekunywa kupita kiasi, aliisikia harufu ya petroli. Akivuta tena, plagi itazama kabisa. Alijua pia kwamba tangu azaliwe hajapata kumkatalia mkwe, wala babake hajapata, wala babu yake.

"Gunia," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Mwambie mama, hapana."

Ndege mmoja alilia kichakani. Dzombo akaanza kufikiria atakavyorudi Kinango kwa miguu.

"Gunia," alisema Mwanarusi mwishowe. "Muulize, kwa nini hapana?"

"Gunia, mwambie imelewa mafuta. Nikiiongezea nitaizamisha. Tuifungue plagi, tuipanguse, tuiache ipumue kidogo. Itaamka."

"Gunia, mwambie haya."

Alifungua plagi, akaifuta kwa pembe ya shati, akaipuliza. Wakangoja. Jua lilipanda. Alikuwa akiomba kimoyomoyo aliposikia tena kiganja kikipiga gunia, safari hii polepole.

"Gunia. Ile siku ya sifa. Mimi niliambiwa amesema ni sawa na ahsante. Yeye alisema nini hasa?"

Dzombo aliitazama plagi mkononi. "Gunia... alisema sifa ikikauka hugeuka gundi."

"Ala!" Mwanarusi aligeuka upande, mabega yakaanza kutikisika. "Mwanangu huyu! Na mimi nikajisifu kwa Bi Mbodze kwamba hata Mduruma ameukubali ujuzi wa babangu. Kumbe nimejipa mlango mwenyewe!" Alicheka, na Dzombo, aliyekuwa ametazama chini, akajikuta anacheka naye, wote wawili wakiwa wamegeukia pande tofauti. "Gunia, mwambie siku nyingine aseme. Mimi si yai."

Plagi ikarudi. Kiki moja. Tarumbeta ikalia.

Walipofika lami, gea ya tatu ikaanza kutoroka. Kila Dzombo alipoiingiza, iliruka nje kwa kishindo, injini ikapiga kelele bure, malori ya Lunga Lunga yakipita karibu yakivuma.

"Gunia!" Mwanarusi alipaza sauti juu ya upepo. "Mwambie aishike kwa kisigino! Aibane pale pale, asiiachilie mpaka Msambweni!"

Aliibana. Ikatulia. Tarumbeta ikaanza kukimbia kama mnyama aliyeiona nyumba.

"Gunia, muulize mama amejuaje?"

"Mwambie asiulize linalojulikana na kijiji kizima!"

* * *

Ghalani Mwinga alikuwa amesimama kando ya mizani, mkono mmoja kiunoni. Msichana aliyemfanyia kazi mnunuzi, Faith, mtu wa bara mwenye viatu vya mpira na kalamu nyuma ya sikio, alikuwa akimsikiliza bila kumtazama.

"Nimekwambia," Mwinga alikuwa akisema. "Kibuyuni wote wananiuzia mimi. Hakuna mwingine."

Tarumbeta iliingia uani ikipiga baruti mbili za mwisho, ikazima yenyewe. Harufu ndiyo iliyotangulia kusema.

"Huyu mathe ametoka wapi basi?" aliuliza Faith kwa lugha ya mjini, ambamo mama ni mathe.

"Kibuyuni," alijibu Mwanarusi, akishuka, akilinyosha goti. "Mwenyekiti wa kikundi. Adhuhuri bado haijaadhiniwa."

"Mbona inanuka samaki hivi?" Faith aliziba pua.

"Inayonuka ni pikipiki, mwanangu. Mwani wangu nusa mwenyewe."

Faith alifungua gunia la kulia, akachukua mwani, akaukunja, akausugua kiganjani, akautikisa kuona kama utamwaga mchanga. Haukumwaga kitu. Akafungua la kushoto. Akaliweka kwenye mizani, mizani isiyo na mazoea ya mtu, na sindano ikapanda mahali ambapo Mwanarusi hakuwa ameiona ikifika tangu Mwinga aanze kupima. Mwanarusi aliitazama sana sindano ile. Kisha akamgeukia Mwinga, akamtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ni poa sana," alisema Faith. "Huu ni mkavu kuliko tuliopata hapa." Hakusema kuliko wa nani. Hakukuwa na haja. "Lori litakuja kwenu Jumatatu, mathe. Mwambie kila mtu aweke tayari."

Mwinga alianza kusema kuhusu barabara, kuhusu mapatano, kuhusu wazee aliozungumza nao. Faith alikuwa amekwisha kumpa mgongo. Katika uzio, paka mwembamba wa Msambweni alichungulia, akanusa hewa, akaja mbio moja kwa moja hadi kwenye gurudumu la mbele.

Dzombo alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, ameielekea barabara kama heshima ilivyotaka. Lakini alikuwa akitabasamu, na hakujaribu kuficha.

Faith aliikaribia pikipiki, akaligonga gunia lililokuwa limebaki juu ya siti. "Na hili la tatu? Lete nipime, nikulipe yote mara moja."

Mwanarusi aliweka mkono juu yake haraka.

"Hilo haliuzwi, mwanangu," alisema. "Bado tuna safari ya kurudi."